Watoto kwenye hesabu ya ndege: wapewe kazi ya kweli au wabaki kupaka rangi?

JichoLaMwewe (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu, kwa hiyo anayependa ndege na anayelea watoto avute kiti.

Kuna tabia imeota mizizi kwenye hesabu za ndege za jamii, zile ambazo watu wa kawaida hukaa mahali, wakahesabu ndege na kutuma namba zao, na imenichosha. Tangazo linasema familia zote karibuni. Watoto wanakuja na kofia zao, wamelala usiku kwa taabu kwa shauku ya kesho. Wakifika, watu wazima wanagawana darubini na fomu, watoto wanapelekwa kivulini wapake rangi picha ya bundi. Nimeona hata zaidi ya hapo. Kikundi kimoja kiliwapa watoto fomu, wakahesabu asubuhi nzima, jioni fomu zao zikawekwa kando na hakuna namba hata moja iliyoingia kwenye matokeo. Watoto hawakuambiwa. Kwangu mimi huko ni kumdanganya mtoto mchana kweupe, na akija kugundua, usimtegemee tena.

Msimamo wangu ni huu: mtoto aliyeelekezwa vizuri anafanya hesabu inayofaa kutumika, na mara nyingi anayeiharibu ni mtu mzima aliyesimama nyuma yake.

Kabla hamjanirushia mawe, tazameni ilikotoka mojawapo ya hesabu kubwa kabisa duniani. Mwaka 1979 shirika la kuhifadhi ndege la Uingereza, RSPB, lilianzisha Big Garden Birdwatch. Leo ukiitaja, mtu anafikiria wastaafu wamekaa dirishani na kikombe mkononi. Kumbe ilianza kama shughuli ya watoto, wanachama wa klabu ya vijana ya shirika hilo, ikatangazwa kwenye Blue Peter, kipindi cha watoto cha BBC, na fomu zikamiminika kwa maelfu. Watu wazima walikaribishwa rasmi mwaka 2001. Kwa zaidi ya miaka 20 hesabu ile ilikuwa ya watoto, na namba zao ndizo mwanzo wa kumbukumbu ambayo leo kila mtu anailinganishia. Kwa kumbukumbu hiyo tunajua kwamba wastani wa shomoro wanaoonekana katika kila bustani umeporomoka kwa zaidi ya nusu tangu 1979, na kwenzi wameporomoka zaidi yao. Ajabu ni kwamba shomoro huyohuyo bado anashika namba moja kwenye orodha karibu kila mwaka. Anayetazama kwa macho tu atasema mbona wapo wengi. Namba za miaka mingi ndizo zinazomsuta.

Sheria ya hesabu ile mtoto wa miaka saba anaielewa. Chagua sehemu moja, kaa saa moja, andika idadi kubwa zaidi ya kila aina uliyoiona kwa wakati mmoja. Wamekuja shomoro watatu wakaondoka, wakaja watano, baadaye wawili: unaandika watano, huandiki kumi, maana huwezi kujua kama wale wawili ni walewale waliorudi. Ndege aliyepita juu bila kutua hahesabiwi. Basi.

Sasa niwape nilichokiona kwa macho yangu. Watoto wawili wamekaa mbele ya mti uliojaa mnana. Mnana hawatulii, huyu anaingia kwenye kiota, yule anatoka na jani mdomoni, wengine wanafukuzana. Mmoja anasema tisa, mwenzake saba. Mama aliyekuwa nao akanyoosha kidole kutaka kuwahesabia, mtu mzima mwenzake akamshika mkono: waache. Wakabishana kwa kunong'ona, kisha mdogo akasema, "Wewe hesabu kushoto kwa lile tawi kavu, mimi kulia, tukisema sasa." Wakasema sasa. Wanne na wanne. Wakarudia, wakapata wanne na watatu. Wakaandika nane, kwa sababu sheria inataka idadi kubwa waliyoiona kwa pamoja. Hakuna aliyewafundisha kugawa mti. Watu wazima tuliokuwa pale tulikuwa tumeshakata tamaa, tumeandika "wengi".

Na hili la pili ndilo lililonifanya niandike. Ndege mkubwa alipita akatua kwenye mti mkavu. Mtoto akauliza ni nani. Baba yake, bila hata kuinua darubini, akasema, "Mwewe huyo, andika." Mtoto akatazama tena. "Lakini mkia wake hauna mkato katikati, ni wa duara." Baba: "Ni mwewe tu, andika twende." Akaandika mwewe. Ile karatasi ilikuwa ya kweli hadi dakika ile. Mtoto alikuwa ameona alama sahihi kabisa ya kumtofautisha mwewe, mkia wenye mkato, akafundishwa kwamba jicho lake halina uzito mbele ya neno la mkubwa.

Jambo lingine ni sifuri. Wazazi wanaogopa karatasi tupu. Mtoto amekaa robo saa, upepo mkali, hakuna ndege, mzazi anaanza kumtafutia: "Si ulimwona njiwa tulipokuwa tunakuja?" Ndugu zangu, robo saa bila ndege ni taarifa kamili. Ikiwa kila aliyekosa ndege ataazima wa njiani, tutawezaje kujua siku ambayo wamepungua kweli? Mtoto aambiwe mapema, kabla ya kukaa, kwamba sifuri inaandikwa na inathaminiwa, na "sijamtambua" inaandikwa vilevile.

Karibuni tujadili. Nitajibu kadiri niwezavyo.

---

MamaPacha

Asante mleta mada, umenigusa. Wangu wana miaka mitano, wawili, na dakika kumi kwao ni milele. Hilo la saa moja silioni. Niwaache nyumbani mpaka wakue, au kuna namna?

---

JichoLaMwewe

Mama, usiwaache. Saa moja ni sheria ya hesabu ile moja tu. Hesabu iitwayo Great Backyard Bird Count, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Cornell Lab of Ornithology, kituo cha utafiti wa ndege cha Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, pamoja na shirika la kuhifadhi ndege la Audubon, na kufunguliwa kwa dunia nzima mwaka 2013, inataka dakika 15 tu kwa uchache, katika mojawapo ya siku nne za Februari. Ile ya Australia, ya BirdLife Australia, inafanyika Oktoba na ni dakika 20. Hizo ni saizi ya mtoto mdogo.

Umri wa miaka mitano usimpe orodha ya aina 30. Mpe ndege mmoja au wawili anaowajua kama anavyowajua majirani zake: kunguru na njiwa, kwa mfano. Mmoja wa kunguru, mwenzake wa njiwa. Kila akimwona wake mwingine, siyo yuleyule aliyerudi, anapiga mstari. Mistari minne, wa tano unakatiza. Wewe unaandika waliobaki. Dakika 15 zikiisha funga, hata kama wanataka kuendelea. Ukiwachosha siku ya kwanza, siku ya pili utawavuta kwa kamba.

Na kuna kazi ambayo watoto wanatushinda waziwazi: kusikia. Masikio ya binadamu yanapoteza sauti nyembamba za juu kadiri umri unavyokwenda, na ndege wengi wadogo huimba hukohuko juu. Mtu mzima anaweza kusimama chini ya mti akaapa hauna kitu, huku mtoto wa miaka minane ananyoosha kidole kwenye tawi. Ukiwa na kikundi, usiende bila masikio ya watoto.

---

MzeeWaDarubini

Nimesoma kwa makini. Mimi nimekuwa kwenye hesabu hizi tangu enzi za fomu za kutuma kwa posta, na nasema bila kumkosea mtu adabu: mnachanganya malezi na sayansi. Mtoto apelekwe akaone ndege, sawa, nami nitambeba mgongoni ikibidi. Lakini namba yake isiingie kwenye takwimu. Anahesabu ndege mmoja mara tatu, anamwona ndege wa kitabuni badala ya aliye mbele yake kwa sababu anatamani kumwona, na anachoka. Kosa dogo kwenye fomu moja si kitu, ila ukiwa na maelfu ya fomu za namna hiyo umejenga nyumba juu ya mchanga. Maamuzi ya kuhifadhi yanategemea namba hizi.

---

JichoLaMwewe

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako ni nzito, nami sitaikwepa.

Kwanza nakubaliana nawe sehemu moja. Kuna hesabu ambazo mtoto hana nafasi ya kuwa mhesabuji. North American Breeding Bird Survey, hesabu ya ndege wanaozaliana Amerika Kaskazini iliyoanza mwaka 1966, inataka mtu mmoja anayejua ndege wote wa eneo kwa sura na kwa sauti, aanze nusu saa kabla ya jua kuchomoza, apite vituo 50, kila kituo dakika tatu. Hapo mtoto ataharibu, na hata mtu mzima asiye na uzoefu ataharibu. Hesabu za ndege wa majini zilizoanza mwaka 1967, ambazo leo zinaratibiwa na Wetlands International, shirika la kuhifadhi maeneo oevu, nazo zina sehemu ngumu: kundi la heroe elfu kadhaa ziwani linakadiriwa kwa makumi na mamia, na jicho linahitaji miaka kulizoea. Mtoto pale awe karani, aandike anachotajiwa, awe na kazi kweli lakini si ile.

Ila hesabu zilizoundwa kwa ajili ya umma zimeundwa zikijua kwamba watakosea. Ndiyo maana ile ya Uingereza inauliza idadi kubwa kwa wakati mmoja, siyo jumla: sheria hiyo peke yake inaua tatizo lako la ndege mmoja kuhesabiwa mara tatu. Ndiyo maana zinataka uandike muda uliokaa na mahali ulipokuwa. Zinachotafuta ni mwelekeo wa miaka. Ikiwa watoto wa mwaka huu wanakosa kuona robo ya ndege, na watoto wa mwaka ujao wanakosa robo hiyohiyo, tofauti kati ya miaka hiyo miwili bado inasema kweli. Kinachoharibu ni kosa linalobadilika badilika bila kujulikana: mwaka huu mtoto kaandika mwenyewe, mwaka ujao mjomba mtaalamu kamwandikia, mwaka unaofuata mama kamwongezea ili asinune. Kwenye karatasi yote yanaonekana ni ya mtoto mmoja.

Na hizi namba hazimezwi bila kutafunwa. eBird, mfumo wa mtandaoni wa kupokea orodha za ndege ulioanza mwaka 2002, una vichujio vya kila eneo na kila mwezi. Ukiandika ndege asiyetarajiwa pale, au wengi kupita kiasi, mfumo unakuuliza papo hapo, kisha mhakiki anayejitolea anaipitia rekodi yako. Ndege wa kitabuni anakwama hapo, awe ameandikwa na mtoto au na mzee.

Tuwe wakweli pia kuhusu sisi wakubwa. Mtu aliyesafiri mbali kumtafuta ndege adimu naye humwona anayemtamani.

---

KalamuYaWino

Samahani, naomba kuuliza tofauti. Kwa nini tuwahesabishe kabisa? Watoto wana mitihani, wana alama, kila kitu kwao ni namba. Ndege ilikuwa sehemu moja iliyobaki ya kufurahia tu. Mtoto anapomwona chozi ananing'inia kwenye ua anyonye asali, mnataka apige mstari?

---

MlimaniJuu

KalamuYaWino, swali lako lina haki yake, na mimi nisingependa mtoto apewe zawadi kwa kuona ndege wengi. Hapo ndipo uongo unapoingia. Hesabu iwe bila mshindi.

Lakini kufurahia na kuhesabu havigombani. Mtoto asiyehesabu anamtazama chozi sekunde tano, anasema mzuri, anageukia jingine. Aliyepewa kazi atamtazama mpaka aone kwamba wako wawili, mmoja anameta na mwingine ni wa rangi ya vumbi, na kwamba yule wa vumbi ndiye anayejenga kiota. Kazi inamshikilia pale. Nimewasikia wakiulizana maswali ambayo hakuna mwalimu aliyewauliza.

Kuna jambo la historia pia ambalo wengi hawalijui, na linaniuma kila nikilikumbuka. Mwaka 1958 China iliendesha kampeni ya kuangamiza viumbe wanne, mmojawapo shomoro, kwa kuwa anakula nafaka. Watoto wa shule walikuwa mstari wa mbele: walipiga ngoma, masufuria na matoazi ili shomoro wasitue, waruke angani mpaka waanguke kwa uchovu, wakavunja viota na mayai. Baadaye ikaonekana kwamba shomoro alikuwa pia akila wadudu wanaoshambulia mazao, na wadudu hao sasa walikuwa wamebaki bila adui. Mwaka 1960 shomoro akaondolewa kwenye orodha, nafasi yake ikachukuliwa na kunguni. Watoto wale hawakuwa wabaya. Walipewa kazi na wakubwa wakaifanya kwa moyo wote, kama wanavyofanya watoto.

Upande wa pili ni Marekani. Desemba 25, 1900, Frank Chapman, mtaalamu wa ndege na mhariri wa jarida la Bird-Lore, aliwaomba watu waache ule utamaduni wa kutoka Krismasi kwa timu na kushindana nani ataua ndege na wanyama wengi, badala yake wawahesabu. Walijitokeza watu 27, katika maeneo 25. Hesabu ile haijakatika hadi leo. Tofauti ya mambo haya mawili ni nini watu walitumwa kufanya walipotoka nje. Mtoto atatoka tu. Tumtume nini?

---

KalamuYaWino

Nimekuelewa, na la mwaka 1958 sikuwa nalijua. Bila zawadi, bila mshindi, nakubali.

---

Kidete

Wakuu, mimi ni mlezi wa klabu ya watoto na wasiwasi wangu uko kwingine: usalama. Kuna wazazi wanapiga picha za watoto wote na kuzirusha mtandaoni na jina la mahali. Kuna watoto wanataka kuchungulia viota. Na programu zinataka akaunti. Mnafanyaje?

---

JichoLaMwewe

Kidete, asante, hili lilipaswa kuwa kwenye bandiko la kwanza.

Watoto wasifunguliwe akaunti zao. Kikundi kiwe na akaunti moja, inayoshikwa na mtu mzima, na kwenye orodha kusiwe na jina la mtoto. Picha zipigwe za ndege na za karatasi. Picha yenye sura ya mtoto isiondoke bila ruhusa ya mzazi wake mwenyewe, na hata ruhusa ikiwepo, isiwekwe siku ileile pamoja na mahali mlipo. Watu wazima wawili kwa uchache kwa kila kikundi, hata kikundi kikiwa kidogo, ili mmoja akienda na mtoto anayeumwa tumbo, wengine wasibaki peke yao. Kando ya maji, mtu mmoja kazi yake iwe watoto tu, asiguse darubini kabisa. Na mtoto anayetumia darubini aambiwe kabla hajaishika: haielekezwi kwenye jua, hata kwa utani.

Kuhusu viota: hakuna kusogelea, hakuna kusukuma majani pembeni uone makinda. Ndege mzazi akishtuka anaweza kukaa mbali, mayai yakapoa, na njia mliyoikanyaga inamwonyesha adui pa kwenda. Ndege akianza kupiga kelele kwa ukali juu ya kichwa chako, au amebeba chakula mdomoni lakini hatui, maana yake umesimama karibu mno, rudi nyuma. Watoto wakielezwa sababu wanakuwa walinzi wakali kuliko sisi. Hakuna kupiga sauti ya ndege kwenye simu ili atoke, hasa msimu wa kuzaa: anadhani mpinzani kaingia kwake, anaacha kazi zake anakuja kupigana na simu.

Viota vya bundi na vya ndege wa kuwinda visitajwe hadharani. Hata eBird inaficha mahali kamili pa baadhi ya ndege wanaosakwa, kama kasuku wa kijivu wa Afrika, kwa sababu wapo watu wanaosoma orodha hizi kwa nia mbaya. Watoto wanaweza kuelezwa hilo waziwazi. Siri yenye sababu wanaitunza.

---

TaaYaNne

Kuhusu simu, mbona kuna programu ya Merlin inayosikiliza sauti na kukutajia ndege? Si ingemaliza ubishi wote wa "mwewe si mwewe"? Watoto wanaipenda sana.

---

MlimaniJuu

TaaYaNne, naitumia na naipenda. Ila ina mipaka miwili ambayo watoto lazima waijue. Inakuambia inachodhani imesikia, haikuambii ni wangapi. Na ni pendekezo tu: jina likitokea kwenye kioo, kazi ndiyo kwanza inaanza, mtafute ndege, mwone au msikie mwenyewe, ndipo uandike. Orodha iliyonakiliwa kutoka kwenye simu bila mtu kuinua kichwa haina tofauti na yule baba aliyesema andika mwewe. Sisi simu inakaa mfukoni mwa mlezi mpaka dakika za kuhesabu ziishe. Baada ya hapo wanaitumia kujadili wale waliowaandika "sijamtambua".

Na hao wasiotambuliwa tunawaandika hivi, nawanukulia mstari mmoja wa mtoto kama ulivyo: "Ndege mdogo kuliko shomoro, kahawia, tumbo jeupe, anatikisa mkia juu chini, anatembea harukiruki, yuko ukingoni mwa maji." Soma tena. Saizi, rangi, mkia, mwendo, makazi. Mtaalamu akipewa mstari huo ana pa kuanzia. Akipewa neno "ndege" hana kitu.

---

MamaPacha

Na darubini? Za watu wazima wakizishika wanaona giza tupu, mmoja alilia.

---

JichoLaMwewe

Pole yao. Tatizo mara nyingi ni upana: macho ya mtoto yako karibu, na vile vioo viwili havikunjiki vikakaribiana kiasi hicho, kwa hiyo anaona duara moja lenye kivuli. Tafuta ndogo inayokunjika vizuri, yenye ukuzaji wa mara 6 hadi 8. Kubwa zaidi ya hapo inatetemeka mkononi na ndege anapotea. Lakini kwa miaka mitano wala usihangaike. Ndege wa karibu wanahesabika kwa macho. Wafundishe kwanza kumwona ndege kwa macho, kumkazia bila kuacha kumtazama, ndipo darubini ije mbele ya macho. Ukianza na darubini watatafuta anga nzima.

---

Kidete

Swali la mwisho kutoka kwangu. Tumehesabu, tumetuma. Watoto wananiuliza kila wiki, "Wamesemaje?" Sina la kuwajibu.

---

JichoLaMwewe

Hapo ndipo vikundi vingi vinapowapoteza. Matokeo ya kitaifa huchukua muda na yakija hayamtaji mtoto. Kwa hiyo wawe na kumbukumbu yao wenyewe. Daftari moja la klabu, karatasi ngumu, kila hesabu ina ukurasa: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, hali ya hewa, waliokuwepo ni wangapi, ndege. Rudini mahali palepale, saa ileile, mkae muda uleule. Baada ya kurudi mara kadhaa watoto wataanza wenyewe kufungua kurasa za nyuma: mbayuwayu wamekuja lini, mbona wale waliokuwa kwenye mti uliokatwa hawapo. Hapo hawasubiri tena mtu awaambie.

Matokeo makubwa yakitoka, wasomee. Mwaka 2019 watafiti walichapisha kwenye jarida la Science kwamba Marekani na Kanada zimepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu 1970, asilimia 29. Namba hiyo isingepatikana bila maelfu ya watu wa kawaida waliotoka asubuhi na kalamu, mwaka baada ya mwaka. Mtoto wa miaka kumi anaelewa hilo bila kupambwa. Mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo na sisi tunaandika ya watakaokuja?" Nikamwambia ndiyo.

---

MzeeWaDarubini

Nimefuatilia mpaka hapa. Sijabadilika kwenye zile hesabu za vituo 50, na mleta mada mwenyewe kakiri. Kwa hizi za umma, nina pendekezo. Msimu ujao nitakaa na watoto wawili, mahali pamoja, dakika zilezile, mimi na fomu yangu na wao na yao. Tutalinganisha. Nikiona zimekaribiana nitasema hapahapa, na zikiachana nitasema pia.

---

JichoLaMwewe

Mzee wangu, hilo ndilo jambo la maana kuliko yote yaliyosemwa kwenye uzi huu. Ombi langu ni masharti matatu. Wakae mahali ambapo hawaioni karatasi yako, na wewe usitaje ndege yeyote kwa sauti mpaka muda uishe, maana wakikusikia tu umesema jina wataliandika kwa heshima. Kabla ya siku hiyo wapewe mazoezi ya ile sheria ya idadi kubwa kwa wakati mmoja, kama ambavyo mtu mzima mgeni angepewa. Na mkishalinganisha, fomu zote mbili zitumwe kama zilivyo, hata mahali ambapo hamkubaliani. Usiwasahihishie.

---

MzeeWaDarubini

Nimekubali yote matatu. Natafuta wazazi wa kuwaomba ruhusa.